Mkipotezana, Mkae kwa Twiga

Sisi tuliokulia Kianda, upande mmoja wa Kibera, miaka ya tisini tulikuwa na Krismasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mungu na wazazi: unaamshwa mapema, unasuguliwa magoti kwa jiwe mpaka yanawaka moto, unavishwa nguo mpya inayokuwasha shingoni, halafu unakaa kanisani kutwa nzima ukiwaza chapati zilizofunikwa nyumbani. Ya pili ilikuwa kesho yake, na hiyo ilikuwa yetu. Ndiyo siku tuliyokuwa tukienda bembea Kawangware.

Watoto wa siku hizi nikiwaambia tulitoka Kianda mpaka Kawangware kwa miguu kwenda kubembea tu, wananiangalia kama mtu aliyekiri kula mawe. Mmoja aliniuliza kwa nini hatukuita teksi. Nikamwambia tuliita, ikakataa kuja. Akaamini.

Tulikuwa tukikutana karibu na bomba la maji, watoto kumi au kumi na watano wa ploti zetu, wakubwa wamewashika wadogo. Tunapita Ayany, ambako watoto wa huko walikuwa na mageti na mbwa, nasi tunapita kimya kwa heshima ya mbwa. Tukifika Ngong Road tunavuka kwa mpigo mmoja tumeshikana mikono, halafu tunaifuata Naivasha Road huku vumbi linakula mafuta yote tuliyopakwa asubuhi. Viatu vyetu vilinunuliwa vikubwa makusudi, vifike Krismasi ingine na kama Mungu angependa na ile inayofuata, kwa hivyo mbele mlikuwa mmesokomezwa karatasi za gazeti. Ukitembea unasikika kwach, kwach. Kundi letu lilikuwa linasikika kabla halijaonekana.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba la Mzee Njuguna, mwenye ploti nyingi za huko, mtu aliyezaliwa palepale kabla hakujawa na nyumba za kukodisha. Kila Desemba aliruhusu bembea zisimamishwe: farasi wa mbao waliozunguka, na lile gurudumu refu la viti sita tulilokuwa tukiliita ndege. Umeme haukuwepo. Ndege ilisukumwa na wanaume wawili wenye mikono minene, na wakichoka wanaiacha, unabaki huko juu unaning'inia mpaka wamalize kujipangusa jasho.

Lakini wewe wa rika langu unajua bembea ilikuwa nusu tu ya raha. Nusu nyingine ilikuwa viduka vya zawadi vilivyouzunguka uwanja, kwa sababu ukirudi Kibera mikono mitupu watu watajuaje ulifika? Kulikuwa na Duka la Meli, la mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini Mombasa, akaunda mbele ya duka lake kama pua ya meli, ukiingia lazima uiname. Huyo aliuza boti za bati na puto, na mtoto aliyeuliza bei bila kusalimia alifukuzwa. Kulikuwa na Duka la Vioo, ukuta mzima umebandikwa vipande vya vioo vilivyovunjika, ukipita unajiona vipande vipande, jicho hapa, sikio pale. Na kulikuwa na Twiga.

Duka la Twiga lilikuwa la mama mmoja mnene wa sauti nzito. Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Kila mtu alimwita Mama Twiga. Marehemu mume wake alikuwa mchoraji wa mabango, na ndiye aliyemchora twiga huyo kwenye mbao za mbele. Alianzia miguuni, miguu ikatoka mirefu mno, akafika juu mbao zimeisha na shingo haijafika nusu. Mtu mwingine angefuta. Yeye aliikunja shingo, akaipitisha juu ya mlango na kuishusha upande wa pili, kwa hivyo kichwa cha twiga kilikuwa usawa wa kichwa cha mtoto. Ukisimama kununua kitu, twiga anakuangalia uso kwa uso na kope zake ndefu, kana kwamba anataka kujua hizo pesa umetoa wapi.

Hapo tulinunua filimbi, kofia za karatasi, wanasesere wa vitambaa aliowashona mwenyewe, na zile saa za plastiki ambazo mishale yake ilichorwa. Mwaka mzima saa zetu zilikuwa saa moja na dakika kumi. Tulizivaa hadi shule, na mwalimu akituchapa kwa kuchelewa tulikuwa na ushahidi mkononi kwamba hatukuchelewa.

Sasa niseme jambo ambalo huwa tunaliruka tukisimulia utoto. Tunapenda kusimulia kama vile ulikuwa soda na chapati tu. Tuliogopa. Tuliogopa moto, tuliogopa vyoo vya shimo ambavyo ubao wake ulikuwa unalia ukikanyaga, na zaidi ya vyote tuliogopa kupotea. Kuna mtu alikuwa akipita mitaani na kipaza sauti akitangaza watoto waliopotea. Ungekuwa unacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira uko hewani, halafu unasikia ile sauti ya kukwaruza inatoka upande wa Silanga, mtaa wa jirani: mtoto wa kike, miaka minne, fulana nyekundu, hana viatu, aitwa fulani. Mchezo unasimama. Mama zetu wanatoka milangoni wanahesabu vichwa. Wengine walipatikana. Wengine sauti ilipita siku mbili, tatu, halafu ikaacha kupita, na hakuna aliyetuambia iliacha kwa sababu gani. Sisi wenyewe tukajijibu: kulikuwa na gari jeupe lisilo na namba. Hakuna aliyewahi kuliona, na kila mtu alijua lilivyokaa.

Mama yangu aliuza samaki wa kukaanga kando ya njia, na siku ya pili ya Krismasi ndiyo siku watu waliochoka nyama walimkumbuka, kwa hivyo hakuwahi kwenda nasi. Alichoweza kutupa ni chapati mbili kwenye karatasi na sheria moja. Kwetu njia hazikuwa na majina. Mtu alielekezwa kwa sura za vitu: shuka mpaka kwa mlango wa kijani, pinda kwa kinyozi mwenye picha ya bondia, ukiona mbuzi amefungwa umepita. Kwa hivyo sheria ya Mama nayo ilikuwa na sura.

"Mkipotezana," alisema, "mtu asizungukezunguke. Aende kwa twiga, akae. Asiondoke na mtu, hata akiitwa kwa jina."

Halafu alituhoji kama katekista. Mdogo wangu Akinyi alikuwa na miaka mitano mwaka ninaousimulia, mimi kumi na mmoja.

"Akinyi, ukipotea unafanya nini?"

"Naenda kwa twiga."

"Ukifika?"

"Nakaa."

"Mtu akikuita?"

"Siendi."

"Atieno, umesikia? Huyu mtoto ni mkono wako. Usirudi hapa na mkono mmoja."

Nikacheka. Mama hakucheka.

Tulipofika uwanjani nilidhani tumekosea njia. Kijana wa Mzee Njuguna alikuwa ametoka masomoni, akaona mahali pa baba yake panakaa ovyo, akaamua kupanyoosha. Viduka vyote vilikuwa vimeng'olewa. Badala yake kulisimama safu moja ya vibanda vinane vya mabati, urefu mmoja, upana mmoja, bluu na mstari mweupe, na namba juu ya kila mlango. Ndani vitu vilikuwa vilevile kwa mpangilio uleule: mwanasesere wa plastiki wa nywele za manjano, gari jekundu, mpira wenye nyota. Kibanda cha kwanza hivyo, cha pili hivyo, cha nane hivyo. Wauzaji walikuwa wamevalishwa aproni za bluu. Yule mzee wa Meli nilimpita bila kumjua. Nilimjua aliponiambia "karibu mteja" kwa upole, na upole wake ukanitisha kuliko ukali wake wote wa zamani.

Wenzangu wengine walifurahi, wakasema sasa ni kama tao, mjini kabisa. Akinyi alinivuta mkono.

"Atis, twiga ako wapi?"

"Amehama."

Hivyo tu. Neno moja. Nimekuwa nikilirudia hilo neno kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Nilipaswa kuchuchumaa pale pale nimwambie: sikia, twiga hayuko tena, tukipotezana kaa hapa kwa lango. Na nilifikiria kufanya hivyo, wallahi nilifikiria. Lakini foleni ya ndege ilikuwa fupi, na asiyesikia la mkuu huwa na miguu miwili mizima mpaka dakika ile inapovunjika.

Wadogo hawakuruhusiwa kupanda ndege. Nikamweka Akinyi kwenye nguzo ya uzio, nikamwambia aishike na asiiachilie, nikapanda. Alikuwa na gauni la kijani la Krismasi, kola nyeupe, na viatu vyeusi vyenye gazeti ndani.

Mzunguko wa kwanza nilimwona, kijani kando ya nguzo. Nikampungia, akanipungia. Mzunguko wa pili nikamwona tena, ameigeuzia nguzo mgongo, anaangalia kitu nyuma ya vibanda. Mzunguko wa tatu nguzo ilikuwa peke yake.

Nilipiga kelele. Wale wanaume chini walinisikia wakacheka, wakadhani raha imenizidi, wakaongeza kasi. Nikazidi kupiga kelele, nao wakazidi kusukuma. Kila nikifika juu uwanja mzima ulikuwa chini yangu, vichwa na nguo za Krismasi, kijani kila mahali lakini si kile, na kabla sijamaliza kutafuta nimeshashushwa, naona miguu ya watu, halafu napandishwa tena. Nilijikojolea kidogo. Sina aibu ya kusema. Mpaka leo sipandi kitu chochote kinachozunguka.

Niliposhuka nilikimbilia pale mama yangu aliponifundisha kukimbilia, yaani kwa twiga, nikasimama mbele ya mabati ya bluu. Nikaingia namba moja. Hakuna. Mbili. Hakuna. Nikaendelea, na ndani kila mahali mwanasesere yuleyule ananiangalia na macho yake ya kioo. Nilipofika kibanda kimoja nikauliza, "Mmeona mtoto wa gauni la kijani?" muuzaji akasema, "Si umetoka kuuliza hapa saa hii?" Sikujua nilikuwa nimegeuka saa ngapi. Nilikuwa nazunguka kwenye safu iliyonyooka. Nilianza kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo milango ilivyozidi kufanana.

Na akilini nilikuwa nasikia kipaza sauti: mtoto wa kike, miaka mitano, gauni la kijani. Nikasikia mpaka jina. Nikaona barabara, na gari jeupe.

"Wewe. Wa Kianda. Si wewe ulinunua filimbi kwangu mwaka jana ukarudi kusema hailii?"

Sauti nzito. Niligeuka. Mama Twiga alikuwa mlangoni kwa namba sita, aproni ya bluu imemkaba. Nilikuwa nimempita mara tatu.

"Unalilia nini?"

Nikamwambia. Maneno yalitoka vibaya lakini aliyapata.

"Aliambiwa akipotea aende wapi?"

"Kwa twiga."

Nilitegemea anigombeze. Badala yake uso wake ulilegea, akaivua ile aproni kupitia kichwani na kuitupa juu ya mipira yenye nyota.

"Twiga ameondoka sasa hivi," alisema. "Kwa mkokoteni."

Mbao za viduka vya zamani zilikuwa zimerundikwa nyuma ya vibanda. Zilikuwa zimeuzwa kwa mtu aliyekuwa akijenga vyumba vya kukodisha huko chini karibu na mto, na mwenye mkokoteni alikuwa akizihamisha tangu asubuhi. Mzigo wa mwisho ulikuwa wa Twiga. Mama Twiga mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akiuangalia ukienda, ule ubao wa kichwa ukiwa juu kabisa, unaangalia nyuma.

Kijana wa Mzee Njuguna alitokea, akauliza namba sita inaachwa wazi na nani. Alikuwa na adabu, sitasema uongo. "Mama, si tulikubaliana? Ukitoka kabla ya jioni nampatia mtu mwingine."

"Mpatie," Mama Twiga alisema, akanishika kiwiko tukaenda.

Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile, na haikuwa mbali. Tuliteremka kati ya ploti, Mama Twiga akiuliza kila mtu, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, "Mmeona mkokoteni wa mbao? Mmeona mtoto nyuma yake?" Mkokoteni ulionwa na watu wengi. Mtoto hakuna aliyemwona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo alisema aliona mtoto, lakini alikuwa na mwanaume. Mama Twiga akauliza mwanaume gani. Akasema hakuangalia, ni mwanaume tu.

Nikamwuliza Mama Twiga kama ni gari jeupe. Akaniambia, "Nyamaza, tembea." Lakini mkono wake kwenye kiwiko changu ulikaza, na nikajua kwamba watu wakubwa nao wanalijua hilo gari.

Pale panapojengwa palikuwa na kuta zilizofika kiunoni, mchanga, na mbele yake shimo la choo lililochimbwa upya. Halikufunikwa. Walikuwa wamelaza mbao mbili juu yake wakaacha katikati wazi. Na kando ya shimo, hatua moja tu kutoka ukingoni, kulikuwa na kiatu cheusi. Gazeti lilikuwa limetoka mbele, limekunjwa kama ulimi.

Nilikijua. Mimi ndiye niliyelisokomeza lile gazeti asubuhi.

Nilitaka kuliangalia shimo na miguu ikakataa. Mama Twiga ndiye aliyekwenda. Mwanamke mzito vile alipiga magoti kwenye udongo mbichi na nguo yake ya sikukuu, akashika ubao, akaingiza kichwa, akaita, "Mtoto?" Sauti yake ilirudi kutoka chini. Akaita tena. Nilikuwa nahesabu mambo ya ajabu: kwamba nitamwambia Mama kwamba Akinyi amebaki kwa rafiki, kwamba sitarudi nyumbani kabisa, kwamba mkono wangu nimeuacha.

"Atis, umekawia."

Haikutoka shimoni. Ilitoka nyuma ya rundo la mbao. Twiga alikuwa ameegemezwa kwenye uzio, kichwa chini, shingo imekatika mahali palipokuwa juu ya mlango, na chini ya zile kope ndefu alikuwa amekaa Akinyi, kiatu kimoja mguuni, mkono mmoja umeshika ukingo wa ubao. Alikuwa ameushika sana; kulikuwa na kijiti kimemwingia kiganjani na hakuwa amekitoa.

Sikumkumbatia. Nilimzaba kofi. Kisha nikamkumbatia. Rika langu mtanielewa, hivyo ndivyo mapenzi yalivyokuwa yakianza siku hizo.

"Kwa nini ulitoka pale kwa nguzo?"

Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Si ulisema twiga amehama? Nikamwona anaenda. Nikamfuata, nikakaa."

Kiatu kilikuwa kinamkwaruza, akakivua. Hivyo tu. Lile shimo hata hakuwa ameliona.

Mama Twiga alikaa juu ya mchanga, akajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, nami sikujua kama anacheka au analia. Baadaye aliinuka, akamkaribia twiga wake, akampangusa vumbi machoni kwa kidole kilicholowa mate, kama mama anavyompangusa mtoto kabla ya kuingia kanisani. Akaturudisha mpaka Naivasha Road kwa wenzetu. Sikurudi kuona kama namba sita ilipewa mtu mwingine. Mwaka uliofuata bembea ziliposimamishwa nilivipitia vibanda vyote vinane, na hakuwa kwenye chochote.

Njiani kurudi nilimwomba Akinyi asimwambie Mama. Nilimpa chapati yangu. Nilimwahidi kumbeba mgongoni mwezi mzima. Jioni Mama alikuwa anageuza samaki, hakuinua hata macho.

"Mlipotezana?"

Nikamtupia Akinyi jicho.

"Hapana," Akinyi akasema. "Nilikuwa kwa twiga."

"Vizuri sana, nyathina, mwanangu," Mama akasema, na akampa mkia wa samaki. Kila Krismasi iliyofuata akaendelea kutufundisha sheria yake, mkae kwa twiga, na sisi tukaendelea kuikariri, na hakuna aliyemwambia kwamba twiga ni ukuta wa chumba cha mtu.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu kwa miaka mingi kisa kiliishia hapo na watu wakicheka. Lakini Mama alipofariki tulikaa jikoni mimi na Akinyi tukiwachemshia waombolezaji chai, yeye sasa mama wa watoto wawili, na katika yale mazungumzo ya kutolia nikakumbusha ile siku. Nikamwambia hakuogopa kabisa, alikaa pale kama chifu.

Alikuwa anachuja majani. Hakugeuka.

"Kuna mtu alikuja, Atis."

"Mtu gani?"

"Alinifuata kutoka kwa yule mama aliyekuwa anaanika nguo. Aliniita jina, sijui alilisikia wapi, labda kwenu mkiniita uwanjani. Akasema, Akinyi, dada yako amenituma nikuchukue. Alikuwa na peremende. Akanishika huu mkono." Akauonyesha, kama alama bado iko. "Nikamwambia Mama amesema nikae kwa twiga. Akavuta. Mimi nikashika ubao. Akavuta tena. Halafu mwenye mkokoteni akarudi kuchukua kamba yake, huyo mtu akaniachilia akaenda."

Sufuria ilifurika nikaiacha ifurike. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Ulinizaba kofi. Nikadhani nimekosea."

Sasa nina mtoto wa miaka mitano, Baraka. Juzi nilimpeleka kwenye moja ya yale majengo makubwa ya maduka, ghorofa ya juu kuna michezo ya watoto, mataa, mashine zinazoimba, na huhitaji kutembea kutoka Kianda wala kuogopa mbwa wa mtu. Kuna kamera kila kona na bawabu mwenye redio. Vijana wanaohudumu wana tabasamu moja waliloandikiwa. Chini ya hiyo michezo kuna maduka ya zawadi, vioo vyeupe, mataa meupe, mwanasesere yuleyule wa nywele za manjano, bado hajazeeka. Nilikuwa nimeshafika majengo mengine mawili kabla ya hilo, na kama ungenifunga macho ukanizungusha, nisingekuambia niko lipi.

Nilichuchumaa mbele ya Baraka kabla hajavua viatu, nikamshika mabega.

"Sikia. Tukipotezana," nikamwambia, "usizungukezunguke. Nenda ukae kwa..."

Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia.

"Nikae wapi, Mum?" akauliza.

Watoto walikuwa wanatupita wakikimbia na soksi. Msichana wa tiketi akaniuliza kama namwingiza au simwingizi, kuna watu nyuma. Nilimwambia simwingizi. Nikamshika Baraka mkono tukateremka, tukapita ile milango yote, na sikumwachilia hata aliponiambia ninamuumiza.